Ukomunisti ni nini hasa, na ulikwama wapi?

Uchaguzi mkubwa unapokaribia katika nchi fulani, neno ukomunisti huanza kurushwa kama jiwe. Mgombea anayetaka kupandisha kodi ya matajiri anaitwa mkomunisti. Anayetaka matibabu ya umma yawe bure, mkomunisti. Upande wa pili wapo vijana waliochoshwa na mishahara isiyopanda na pango la nyumba lisilolipika. Hao wanatangaza mitandaoni kwamba ubepari umeoza na dawa yake ni ukomunisti, bila kueleza dawa hiyo inanywewaje. Wasikilize vizuri utagundua kwamba hawabishani hata kidogo. Kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Ukweli ni kwamba jina hilo limebebeshwa mambo matatu. La kwanza ni ndoto: jamii isiyo na matabaka, isiyo na tajiri wala maskini, isiyohitaji hata dola, yaani mamlaka ya serikali, ambamo kila mtu anatoa kwa kadiri ya uwezo wake na kupata kwa kadiri ya mahitaji yake. La pili ni nadharia, yaani uchambuzi wa ubepari uliofanywa na Karl Marx na Friedrich Engels, pamoja na mikakati ya kuuondoa iliyobuniwa na wao na waliowafuata. La tatu ni serikali zilizoongozwa na vyama vya kikomunisti, kuanzia Urusi mwaka 1917. Anayesema ukomunisti ni usawa yuko kwenye la kwanza. Anayesema ukomunisti uliua mamilioni yuko kwenye la tatu. Wote wawili wana la kuonyesha. Linalonisumbua mimi, na ambalo mabishano mengi yanalikwepa, ni pengo lililo katikati: ilikuwaje watu walioanza safari na ndoto ile wakafika pale walipofika?

Mswaki wako haumo

Hofu ya zamani kuliko zote ni kwamba wakomunisti wakishika nchi kila kitu kitakuwa cha wote: nyumba, nguo, sufuria, hadi mswaki. Marx na Engels walikutana na hofu hiyo mapema, na walijaribu kuijibu katika Ilani ya Chama cha Kikomunisti, iliyotoka London Februari 1848. Walisema hawana nia ya kufuta umiliki wote. Wanachotaka kufuta ni umiliki wa aina moja tu, ule unaompa mtu uwezo wa kutumikisha kazi ya wengine.

Chukua cherehani. Ukiwa nacho chumbani unashonea nguo za wanao, hicho ni mali yako binafsi na ukomunisti hauna ugomvi nacho. Sasa chukua vyerehani mia moja vilivyopangwa ukumbini, vyote vya mtu mmoja, na nyuma ya kila kimoja ameketi fundi asiye na cherehani chake, anashona kwa ujira. Chuma ni kilekile na sindano ni ileile. Kilichobadilika ni uhusiano wa watu: mmoja anaishi kwa kumiliki, mia moja wanaishi kwa kuuza nguvu zao. Vyerehani vile vimekuwa mtaji. Viwanda, migodi, mashamba makubwa, reli na benki ni vyerehani vya ukumbini kwa kipimo kikubwa zaidi, na kwa pamoja huitwa njia kuu za uzalishaji mali. Wazo la msingi la ukomunisti ni kwamba hizo zisiwe za mtu mmoja mmoja, ziwe za jamii nzima.

Kwa nini? Turudi ukumbini. Fundi analipwa ujira wa siku. Tuseme kufikia saa sita mchana ameshashona nguo zinazotosha kurudisha ujira wake, gharama ya kitambaa na uzi, na uchakavu wa mashine. Kuanzia hapo hadi jioni anamshonea nani? Marx alijibu: anamshonea mwenye ukumbi. Kile kinachozalishwa baada ya saa sita alikiita thamani ya ziada, na kwake hicho ndicho chimbuko la faida. Hakusema kwamba mwenye ukumbi ni mtu mbaya. Hata awe mpole namna gani, ushindani unamlazimisha abane ujira, arefushe saa za kazi au anunue mashine zitakazopunguza mafundi. Asipofanya hivyo, mwenzake atauza kwa bei ya chini na kumfilisi. Unyonyaji, kwa maelezo haya, ni tabia ya mfumo hata pale ambapo mwajiri ana roho nzuri.

Inafaa kukumbuka Marx alikuwa akitazama nini. Uingereza ya wakati huo ilipitisha sheria mwaka 1833 iliyokataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, na hiyo ilihesabiwa kuwa hatua kubwa ya huruma. Baadhi ya madai kumi yaliyoorodheshwa katika ile Ilani yalionekana ya hatari mno: kodi ya mapato inayopanda kadiri mtu anavyopata zaidi, elimu ya bure kwa watoto wote, kukomesha kazi za watoto viwandani. Leo mambo hayo yamo katika sheria za nchi ambazo hazijawahi kuwa na chembe ya ukomunisti. Madai mengine, kama kutaifisha ardhi na kufuta urithi, yamebaki kuwa moto wa kuotea mbali.

Je, hesabu ya thamani ya ziada ni sahihi? Wachumi wengi hawaikubali. Tangu miaka ya 1870, walipoandika akina Carl Menger na William Stanley Jevons, uchumi umeegemea wazo kwamba thamani ya kitu inategemea anavyokihitaji mnunuzi, na si saa za kazi zilizomo ndani yake. Koti lililoshonwa kwa siku kumi lisilotakiwa na mtu halina thamani kubwa kwa sababu tu fundi alijichosha. Mwenye ukumbi naye ana jasho lake: alihatarisha fedha, akatafuta soko, na nguo zisiponunuliwa hasara ni yake. Kwa maoni yangu hoja ya Marx ni dhaifu kama hesabu, lakini ina nguvu kama picha ya nani anampangia nani. Fundi asiye na akiba hawezi kusubiri wiki tatu akibishania ujira. Mwenye ukumbi anaweza.

Ngazi isiyofika juu

Marx aliandika kurasa nyingi mno kuhusu ubepari na chache mno kuhusu jamii itakayokuja. Machache aliyoyasema, hasa mwaka 1875, yanaonyesha ngazi ya hatua. Kwanza wafanyakazi wanatwaa madaraka na kuwanyang'anya mabepari njia kuu za uzalishaji. Kipindi hicho cha mpito alikiita udikteta wa tabaka la wafanyakazi, akimaanisha kwamba walio wengi watawalazimisha walio wachache waachie walichonacho. Halafu inakuja hatua ambamo kila mtu analipwa kulingana na kazi aliyoifanya. Baadaye sana, uzalishaji ukishakuwa mwingi na watu wakishazoea kushirikiana, ndipo inapofikiwa hatua ya juu ya kupata kulingana na mahitaji. Hapo dola, ambayo kwa nadharia hii ipo ili kulinda tabaka moja dhidi ya jingine, inakosa kazi ya kufanya na inanyauka yenyewe.

Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi ya 1917, ndiye aliyezoesha watu kuiita hatua ya chini usoshalisti na ya juu ukomunisti. Hapo ndipo penye jambo linalowashangaza wengi: hakuna dola hata moja iliyowahi kufikia hatua ya juu. Umoja wa Kisovieti, dola iliyotokana na mapinduzi hayo, ulijiita muungano wa jamhuri za kisoshalisti. Chama kilichotawala ndicho kilichokuwa cha kikomunisti, kwa maana ya kule kilikosema kinakwenda. Mwaka 1961, chini ya Nikita Khrushchev, chama hicho kilitangaza mpango uliosema misingi ya ukomunisti ingekuwa imekamilika kufikia 1980. Mwaka huo ulipofika Moscow iliandaa michezo ya Olimpiki, na wananchi wakataniana kwamba waliahidiwa ukomunisti wakaletewa Olimpiki.

Kwa hiyo anayesema ukomunisti haujawahi kujaribiwa ana ukweli finyu. Hatua ya mwisho haijawahi kuonekana. Lakini njia ya kuifikia imejaribiwa na nchi nyingi, zenye lugha, dini na historia tofauti, na karibu zote ziliganda mahali pamoja: dola iliyotakiwa kunyauka ilinenepa. Hilo haliwezi kuwa bahati mbaya ya kila mmoja kivyake.

Nani anajua kinachotakiwa?

Changamoto ya kwanza haina uhusiano na ukatili wa mtu yeyote. Ni ya hesabu. Mwaka 1920 mchumi Ludwig von Mises aliuliza swali lililoonekana dogo: mkishafuta soko la mashine, ardhi na malighafi, mtajuaje kama chuma hiki kitumike kwenye reli, mabomba au misumari? Katika uchumi wa soko bei ndiyo inayosema. Chuma kikiadimika bei inapanda, na maelfu ya watu wasiofahamiana wanapunguza matumizi bila kuamriwa na mtu, wala hawahitaji kujua kama mgodi umefurika maji au meli imezama. Mchumi mwenzake Friedrich Hayek aliliendeleza wazo hilo mwaka 1945. Alisema ujuzi wa nini kinatakiwa, wapi na lini haupo katika kichwa kimoja. Umetawanyika katika vichwa vya watu wote, na mwingi hauandikiki katika ripoti.

Wasovieti walijibu kwa kujenga ofisi ya mipango, Gosplan, iliyoanzishwa mwaka 1921. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza 1928. Kila kiwanda kilipewa malengo yake: tani kadhaa, mita kadhaa, vipande kadhaa. Mkurugenzi aliyefikia lengo alipata bonasi, na aliyeshindwa alikuwa na maelezo ya kutoa, ambayo katika miaka fulani yangeweza kumgharimu maisha. Matokeo yake yalimfanya hata Khrushchev alalamike hadharani. Viwanda vya taa za kuning'inia darini vilipimwa kwa tani, kwa hiyo vikatengeneza taa nzito kadiri ilivyowezekana. Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Mkurugenzi alifanya alichopimiwa. Mtu wa nyumbani, ambaye dari lake ndilo lililobeba ule uzito, hakuwa na sauti popote katika mnyororo ule, kwa sababu hakuwa na duka la pili la kukimbilia.

Wakurugenzi walijifunza kuficha uwezo halisi wa viwanda vyao ili wasipangiwe malengo makubwa zaidi mwaka unaofuata. Walilimbikiza malighafi wasizozihitaji, kwa sababu hujui lini zitapatikana tena. Waliajiri watu ambao kazi yao halisi ilikuwa kuzunguka nchi nzima wakitafuta vipuri kwa kujuana na kupeana zawadi. Yaani soko lililofukuzwa mlangoni lilirudi kupitia dirishani, safari hii bila bei wala risiti. Mchumi wa Hungaria János Kornai, aliyeishi ndani ya mfumo huo, alieleza kwa nini uhaba haukuwa ajali. Kampuni ya serikali inayojua kwamba haitaachwa ifilisike haina sababu ya kubana matumizi. Inaomba kila kitu, na kila kitu kinakwisha. Foleni ni zao la mfumo wenyewe.

Hata hivyo, anayesema mpango wa serikali hauwezi kitu aeleze Sputnik, setilaiti ya kwanza, ya mwaka 1957 na safari ya Yuri Gagarin angani mwaka 1961. Nchi iliyokuwa ya wakulima wengi wasiojua kusoma ilipata viwanda vizito na ikabeba sehemu kubwa kabisa ya mapigano ya kulishinda jeshi la Hitler, yote ndani ya kizazi kimoja. Kampeni ya kisomo ya Kuba ya mwaka 1961 ilifundisha mamia ya maelfu ya watu kusoma na kuandika. Haya si ya kubeza. Mpango mmoja unaweza kurusha roketi, kwa sababu roketi ina mteja mmoja anayejua anachotaka. Viatu vina wateja milioni mia mbili, kila mmoja na mguu wake.

Shamba la wote

Changamoto ya pili inajulikana zaidi: kama chakula ni kilekile, kwa nini niamke mapema kuliko jirani? Wapinzani wa ukomunisti huitaja kana kwamba binadamu ni mvivu wa asili. Mimi naona inafaa kutazama ilivyotokea shambani, maana huko ndiko ilikoua watu.

Stalin, aliyeshika uongozi wa Umoja wa Kisovieti baada ya Lenin, alianza kuwakusanya wakulima kwa nguvu katika mashamba ya pamoja mwishoni mwa miaka ya 1920. Waliokataa waliitwa makabaila, wakapelekwa uhamishoni au kuuawa. Wengi walichinja mifugo yao kuliko kuikabidhi. Serikali iliendelea kuchukua nafaka hata mavuno yalipoporomoka, na njaa ya 1932 na 1933 iliua mamilioni, hasa Ukraine na Kazakhstan. China ilipita njia hiyohiyo kwa haraka zaidi kuanzia 1958, chini ya Mao Zedong. Vijiji viliunganishwa kuwa komuni kubwa, majiko ya nyumbani yakafungwa ili watu wale pamoja, na viongozi wa chini wakashindana kupeleka takwimu za mavuno ambayo hayakuwepo. Serikali ikatoza nafaka kwa kufuata takwimu hizo za uongo. Makadirio ya waliokufa yanaanzia takriban milioni 15 na kupita milioni 40. Wale watu hawakufa kwa uvivu. Walikufa kwa sababu aliyejua ghala ni tupu aliogopa kusema.

Mwishoni mwa 1978, katika kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, wakulima 18 walikutana kwa siri na kutia alama za vidole kwenye karatasi. Walikubaliana kugawana ardhi ya komuni kwa kaya. Kila kaya ingetimiza kiwango cha serikali na kubaki na ziada. Kwa kuwa jambo hilo lingeweza kuwapeleka gerezani, waliongeza sharti: viongozi wakikamatwa, waliobaki watawalea watoto wao hadi wafikishe miaka 18. Ardhi ilikuwa ileile, mvua ileile na majembe yaleyale, lakini mavuno ya mwaka uliofuata yalipanda kwa kiasi ambacho hakikuweza kufichika. Wakubwa wa chama, Deng Xiaoping akiwa juu yao, waliamua kuwaacha, kisha wakaruhusu utaratibu huo uenee. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zile komuni zilikuwa zimevunjwa.

Umoja wa Kisovieti ulikuwa na kioo kama hicho miaka yote. Viwanja vidogo ambavyo wakulima waliruhusiwa kulima kwa ajili yao wenyewe vilikuwa takriban asilimia 3 ya ardhi iliyolimwa, lakini vilitoa karibu robo ya mazao yote ya kilimo na mifugo. Mijini walikuwa na mzaha wao: wanajifanya wanatulipa, nasi tunajifanya tunafanya kazi.

Vyerehani vya nani sasa?

Bado changamoto kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya tatu. Tuseme mapinduzi yamefanyika na vile vyerehani mia moja si vya yule tajiri tena. Ni vya umma. Lakini umma hauwezi kuketi ukumbini kila asubuhi kuamua nguo gani zishonwe, nani awe msimamizi, nani afukuzwe. Lazima awepo mtu wa kuamua kwa niaba yake. Mtu huyo anatoka kwenye chama. Fundi ameketi palepale, anashona kwa ujira uleule, na mwenye kauli juu yake amebadilika jina. Zamani alipogombana na mwajiri aliweza, kwa shida, kwenda ukumbi wa mtaa wa pili. Sasa kumbi zote ni za mwajiri mmoja, ambaye pia ndiye mwenye polisi, mahakama, gazeti na orodha ya nyumba.

Onyo hili halikutoka kwa mabepari peke yao. Mikhail Bakunin, mwanamapinduzi aliyefukuzwa kwenye jumuiya ya kimataifa ya wafanyakazi mwaka 1872 baada ya kukorofishana na Marx, alitabiri kwamba dola ya namna hiyo ingezaa tabaka jipya la watawala. Rosa Luxemburg, mkomunisti wa kutupwa, aliandika mwaka 1918 akiwa gerezani Ujerumani kwamba uhuru ni uhuru wa yule anayefikiri tofauti, akiwalenga akina Lenin waliokuwa wamelivunja bunge la katiba Januari mwaka huo. Hata Leon Trotsky, mwenzake Lenin katika mapinduzi, aliyekuwa na mkono wake katika kuwaponda mabaharia walioasi Kronstadt mwaka 1921, alikuja kuandika mwaka 1936 akiwa uhamishoni kwamba mahali ambapo dola ndiyo mwajiri pekee, anayepinga anakufa njaa polepole. Kanuni ya zamani ilisema asiyefanya kazi asile, naye akasema nafasi yake imechukuliwa na nyingine: asiyetii asile. Alichelewa.

Mwaka uliofuata Stalin alifungulia wimbi la ukamataji ambamo, kwa kumbukumbu za dola yenyewe, watu zaidi ya 680,000 walipigwa risasi kati ya 1937 na 1938, wakiwemo wakomunisti wengi waliofanya mapinduzi ya 1917. Kambodia, kati ya 1975 na 1979, ilipoteza kati ya watu milioni 1.5 na milioni 2 chini ya wakomunisti wa Khmer Rouge. Wafuasi hutetea kwamba nchi hizi zilizaliwa katika vita, zilizungukwa na maadui na kuwekewa vikwazo, na kwamba zilikuwa maskini, tofauti na matarajio ya Marx kwamba mapinduzi yangeanzia kwenye viwanda vingi. Yote hayo ni kweli. Yanaeleza umaskini na hofu kwa kiasi fulani. Hayaelezi kwa nini hapakuwa na mtu wa kumwambia kiongozi hapana na akabaki hai.

Mfano unaonigusa kuliko takwimu hizo ni wa Poland, nayo ikiwa chini ya chama cha kikomunisti. Agosti 1980 wafanyakazi wa karakana ya meli ya Gdańsk waligoma wakidai, pamoja na mambo mengine, haki ya kuwa na chama chao cha wafanyakazi kisichoendeshwa na serikali. Chama hicho, Solidarność, kilifikisha wanachama wapatao milioni 10. Desemba 1981 serikali iliyojiita ya wafanyakazi ikatangaza utawala wa kijeshi dhidi yao.

Wanaosingiziwa na wanaojificha

Ukishaona msingi huu, baadhi ya lebo zinazobandikwa leo zinabanduka zenyewe. Denmark na Uswidi zina kodi kubwa na huduma nyingi za umma, lakini viwanda vyake vingi ni vya watu binafsi na bei zinapangwa sokoni. Waziri Mkuu wa Denmark wa wakati huo, Lars Løkke Rasmussen, alilazimika kuwaeleza Wamarekani mwaka 2015 kwamba nchi yake ni ya uchumi wa soko. Kulipia hospitali kwa kodi si kufuta mtaji.

Ujamaa wa Mwalimu Nyerere nao huchanganywa na ukomunisti. Ni kweli ulitaifisha njia kuu za uchumi baada ya Azimio la Arusha la 1967. Ila Nyerere alikataa waziwazi wazo la kwamba historia lazima isukumwe na vita vya matabaka. Alianzia kwenye undugu wa ukoo na kuutanua. Kwa mfuasi wa Marx, kuacha mapambano ya matabaka ni kama kuacha nusu ya hoja.

Kuhusu dini, vyama vingi vilivyoshika dola viliwatesa waumini, na Marx mwenyewe aliiita dini afyuni ya watu, ingawa katika aya hiyohiyo aliiita pia pumzi ya kiumbe aliyekandamizwa. Kuba iliacha kujitambulisha kuwa dola isiyo na Mungu mwaka 1992. Amerika ya Kusini imekuwa na mapadri waliochota kwa Marx uchambuzi wao wa umaskini huku wakiendelea kusoma misa.

China ndiyo inayochanganya zaidi. Chama cha Kikomunisti ndicho chenye hatamu, lakini tangu mwaka 2002 katiba ya chama hicho inawaruhusu wafanyabiashara binafsi kuwa wanachama, na nchi ina mabilionea wengi na soko la hisa. Vietnam ilianza mageuzi ya aina hiyo mwaka 1986. Korea Kaskazini, ambayo watu huitaja kama mfano wa ukomunisti halisi, iliondoa neno hilo katika katiba yake mwaka 2009. Kilichobaki katika nchi hizi kutoka kwenye mradi wa zamani ni chama kimoja, na mara nyingi udhibiti wa benki na viwanda vikubwa. Ile ahadi ya kufuta ujira imewekwa kabatini.

Siku hizi kuna kundi jipya linalosema kompyuta zimemaliza tatizo la Mises: kampuni kubwa za mtandaoni zinajua kesho utanunua nini, basi kwa nini jamii nzima isipange hivyo? Hoja ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Msovieti Leonid Kantorovich alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975 kwa hesabu zinazosaidia hasa mgawanyo wa rasilimali. Lakini kampuni hizo nazo zinajifunza kutokana na bei na wateja wanaoweza kuondoka, na hata kompyuta ikijibu swali la kwanza, hilo la tatu la nani anampangia nani haliligusi.

Kuna mahali ambapo wakomunisti walitawala bila kufunga mlango wa kutokea. Jimbo la Kerala, India, liliwachagua kwa kura mwaka 1957, na kwa miongo kadhaa wamekuwa wakiingia na kutoka madarakani kwa njia hiyo. Walisukuma mageuzi ya ardhi na walitilia mkazo shule na afya. Katika jimbo jingine la India, West Bengal, waliongoza mfululizo kuanzia 1977, na mwaka 2011 waliposhindwa uchaguzi walikabidhi serikali. Ila jimbo si nchi. Sarafu, jeshi na katiba vilibaki mikononi mwa serikali kuu ya New Delhi, maduka na viwanda binafsi viliendelea, na kwa hiyo mifano hiyo haituambii wangefanya nini kama wangekuwa na dola nzima.